Mtafiti Chipukizi Mwenye Ulemavu au Ugonjwa Sugu: Ukiwa Muhoroni, Msaada Utaupata Wapi?

Huenda unasomea shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Maseno na nyumbani kwenu ni Muhoroni. Huenda mradi fulani umekuajiri kwa mwaka mmoja uwahoji wakulima wa miwa kutoka Chemelil hadi Koru, au unapima sampuli kwenye maabara ya Kibos au ya Kisian. Wakati huohuo unaishi na seli mundu, au kifafa, au kisukari. Au macho yako hayaoni vizuri, au unatembea kwa mikongojo. Msaada kwa mtu kama wewe upo, ila hauko chini ya paa moja. Kipande kimoja kiko hospitalini, kingine kwenye Baraza la watu wenye ulemavu, kingine kwa watoza ushuru, kingine chuoni, kingine kwa wafadhili ng'ambo. Ofisi hizi haziulizani habari zako, kwa hiyo kazi ya kuziunganisha ni yako.

Swali la kwanza ambalo wengi hujiuliza kimoyomoyo ni hili: mimi ni mgonjwa tu, je, nami nahesabiwa kuwa mwenye ulemavu? Soma Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 260. Maelezo yake ya ulemavu yanataja maradhi pia, mradi yawe na athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Kwa hiyo seli mundu, ambayo imeenea sana kwenye ukanda huu wa ziwa, haikutupwa nje ya mlango. Fomu ya madaktari ya kukadiria ulemavu nayo ina sehemu ya magonjwa sugu yanayoendelea kumdhoofisha mtu polepole. Lakini kuugua peke yake hakutoshi. Madaktari wanataka kuona ugonjwa unakuzuia kufanya nini.

Hapo ndipo wagonjwa wengi huanguka. Mwenye mguu uliokatwa haulizwi maswali mengi. Mwenye seli mundu anaweza kuingia mbele ya jopo la madaktari siku ya ukadiriaji akiwa mzima, ametabasamu, na akarudishwa nyumbani. Basi anza mapema kuandika kwenye daftari: siku ambazo maumivu yalikulaza, tarehe ulizolazwa hospitalini, mara ulizoongezwa damu, safari za nyanjani ulizoziacha njiani. Kisha nenda kliniki unakotibiwa, hata kama ni hospitali ya serikali hapo hapo Muhoroni, umwombe daktari au afisa wa kliniki barua fupi ya kueleza ugonjwa wako, umeugua tangu lini, unatumia dawa gani na unakuathiri vipi. Barua hiyo utaitumia mahali pengi, kwa hiyo toa nakala kadhaa.

Ukadiriaji wenyewe hufanywa na jopo la madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo. Kwa mtu wa Kaunti ya Kisumu, pa kuanzia kuulizia ni Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Jaramogi Oginga Odinga. Ukipanda bodaboda mjini Kisumu, sema tu "Russia". Wengi bado wanaiita hivyo kwa kuwa Wasovieti ndio walioijenga. Uliza kwanza jopo hukutana siku gani, maana halikai kila siku, na kutoka Muhoroni kupitia Chemelil, Miwani na Kibos hadi Mamboleo si safari ya kwenda na kurudi bure. Beba kitambulisho cha taifa na nakala yake, picha ndogo za pasipoti, ile barua ya daktari na kadi zako za kliniki. Ukidaiwa pesa yoyote hapo, uliza ni ya nini na uchukue risiti. Usimpe mtu pesa mkononi nje ya dirisha la malipo.

Ripoti ikitoka, hatua inayofuata ni kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo wengi hulijua kwa herufi zake, NCPWD. Lina ofisi katika kila kaunti, Kisumu ikiwamo, na maombi hupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Kusajiliwa hakulipiwi. Ukienda kwa mwenye saiba akujazie fomu, atakutoza za kazi yake tu. Kama unajua kutumia simu vizuri, jaza mwenyewe. Hakikisha majina kwenye ripoti ya hospitali yanafanana herufi kwa herufi na yaliyo kwenye kitambulisho. Kosa la herufi moja hapa laweza kukurudisha Kisumu.

Kadi ya usajili inakupa nini wewe mtafiti? Kikubwa kinachowapita wengi ni msamaha wa kodi ya mapato. Kwa agizo la mwaka 2010, mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na kuidhinishwa hatozwi kodi kwenye shilingi 150,000 za kwanza za mapato yake ya kila mwezi. Sasa fikiria msaidizi wa utafiti anayelipwa 80,000. Bila cheti cha msamaha, kodi inayokatwa kwenye mshahara huo inapita shilingi elfu kumi kila mwezi. Akiwa na cheti, kodi hiyo inakuwa sufuri. Makato mengine hayaondoki: asilimia 2.75 ya bima ya afya, asilimia 1.5 ya nyumba, na akiba ya uzeeni. Hata hivyo, elfu kumi na zaidi kwa mwezi ni pesa za dawa, ni nauli za kliniki, na chenji inabaki.

Ili upate cheti hicho, kwanza Baraza linapitia faili yako, kisha ombi linakwenda kwa watoza ushuru, KRA, kwenye mtandao wao wa iTax. Watataka kadi yako, ripoti ya ukadiriaji, pini ya KRA, hati ya kuonyesha huna deni la ushuru, na barua ya mwajiri pamoja na hati ya mshahara. Ulemavu wa muda, kama mfupa uliovunjika na unaopona, haukubaliwi. Cheti kikitoka, mpelekee mhasibu wa mradi nakala siku hiyohiyo, kwa sababu hatakisia mwenyewe. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye cheti, na uombe upya kabla haijafika. Halafu, usidhani msamaha unakuondolea ile kazi ya kuwasilisha ripoti ya mapato kila mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Ripoti bado inadaiwa, na anayechelewa hutozwa faini hata kama hakuwa na kodi ya kulipa.

Kama una ualbino, jambo hili ni lako hasa: Baraza lina mpango wa kutoa mafuta ya kuzuia jua bila malipo. Mtu anayehesabu mashina ya miwa saa sita mchana kule Miwani anayahitaji kuliko karani wa ofisini. Ulizia ofisi ya kaunti ni hospitali gani unaweza kuyachukulia. Viti vya magurudumu, vifaa vya kusikia na fimbo nyeupe pia huombwa kupitia Baraza, lakini foleni ni ndefu. Peleka ombi mapema na usisimamishe kazi ukingoja.

Kuhusu matibabu, tangu Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF haipo tena; mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Mwanafunzi wa uzamili au uzamifu asiye na mshahara anahesabiwa pamoja na wasioajiriwa: anaulizwa maswali kuhusu hali ya maisha yake, kisha anapangiwa kiasi, ambacho hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi na hulipwa kwa mwaka mzima. Kwa kima hicho cha chini ni shilingi 3,600. Kujisajili ni kwa kubonyeza *147# kwenye simu. Usingoje ulazwe. Malipo ya mwaka yakiisha katikati ya mwezi wa mitihani, ukapatwa na maumivu usiku, familia yako ndiyo itakayokimbizana na simu ikitafuta pesa.

Sasa tuingie chuoni. Je, ni lazima umwambie msimamizi wako ugonjwa unaougua? Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti, na Sheria ya HIV na Ukimwi ya 2006 inakataza kumlazimisha mtu kupimwa ili aajiriwe. Lakini ukinyamaza kabisa, hakuna atakayejua kwa nini ulikosa mikutano miwili. Njia ninayoipenda ni ya katikati: mweleze msimamizi unachohitaji, jina la ugonjwa na barua ya daktari vibaki kwa ofisi ya wafanyakazi au kwa ofisi ya chuo inayoshughulikia masuala ya ulemavu. Ulizia ofisi hiyo au kamati yake kwa jina. Maseno ina hata idara inayofundisha elimu ya mahitaji maalumu, na wahadhiri wa huko huelewa upesi unachozungumzia.

Unachoomba kina jina katika sheria: marekebisho yanayofaa. Maana yake ni mabadiliko madogo kwenye kazi, muda, chombo au mahali, ili uweze kufanya kazi ileile wanayofanya wenzako. Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyotiwa saini Mei 2025 na kuchukua nafasi ya ile ya 2003, inamdai mwajiri hayo. Inamtaka pia mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee watu wenye ulemavu angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi. Ombi liwe la maandishi, na liseme kitu mahususi. "Naomba mnifikirie" haimsaidii mtu yeyote. Andika hivi:

"Mpendwa Daktari, nina hali ya kiafya ya kudumu, na barua ya daktari iko kwenye ofisi ya wafanyakazi. Ili nikamilishe ukusanyaji wa data kwa wakati, naomba mambo matatu: mahojiano ya nyanjani yafanywe kati ya saa moja na saa tano asubuhi, nisitumwe peke yangu mahali pasipo na usafiri, na siku moja kila mwezi niende kliniki, kazi ya siku hiyo niifidie nikiwa nyumbani. Ningependa tuzungumze kabla ratiba haijapangwa. Wako mtiifu."

Tuma kwa barua pepe hata kama mmeshaongea ana kwa ana. Mkielewana kwa mdomo, mwandikie jioni hiyo: "Asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba tumekubaliana hivi na hivi." Wasimamizi hubadilika, miradi hubadilisha wakuu, na barua pepe hubaki.

Omba nini hasa? Inategemea mwili wako na kazi yako. Mwenye seli mundu, maumivu yake huchochewa na kukosa maji mwilini, baridi, uchovu na maambukizi. Basi aepushwe na zamu za usiku kwenye chumba baridi cha sampuli, na gari la mradi libebe maji ya kutosha. Mwenye kifafa asiachwe peke yake na moto au tindikali maabarani, na asipewe pikipiki ya mradi aendeshe. Asiyesikia anahitaji mkalimani wa lugha ya ishara, na mkalimani hulipwa kwa siku, kwa hiyo gharama hiyo ijulikane mapema. Watangulizi wapo: Michael Ndurumo, aliyepoteza uwezo wa kusikia utotoni, alipata uzamifu Marekani na akawa profesa wa saikolojia Chuo Kikuu cha Nairobi.

Anayetembea kwa mikongojo au kiti cha magurudumu aufikirie udongo wa kwetu kabla ya kukubali ratiba. Udongo mweusi wa mfinyanzi kwenye mashamba ya miwa, mvua za masika zikianza Machi, huwa ni gundi. Ncha ya mkongojo inazama, ukiivuta kifuniko chake cha mpira kinabaki matopeni, na hapo mguu mzima ndio unaobeba kila kitu. Trekta zenyewe hukwama. Omba safari za mashambani zifanywe Januari na Februari, na miezi ya mvua uifanye ya mahojiano ya simu na kuingiza data. Beba vifuniko vya akiba vya mpira. Kama mkulima anaweza kufika kwenye kituo cha kupimia miwa au kwa chifu, mkutane hapo; nauli yake ndogo iwekwe kwenye bajeti ya mradi.

Kama shida ni ya macho, usikimbilie kununua programu. Programu ya NVDA, inayosoma kwa sauti yale yaliyo kwenye kompyuta, ni ya bure kabisa. Simu nyingi za Android tayari zina TalkBack ndani yake. Anayeumwa viungo vya mikono anaweza kuandika kwa kusema, akitumia kipengele cha sauti kwenye Google Docs. Vitabu navyo vina njia: Kenya ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2017, na mkataba huo unaruhusu nakala zinazosomeka na wasioona kutengenezwa bila kungoja ruhusa ya mwenye hakimiliki. Mkutubi akikuambia kitabu hakiwezi kugeuzwa kwa sababu ya hakimiliki, mtajie mkataba huo kwa jina.

Pesa za utafiti ndizo zinazohitaji ujanja kidogo. Basari za kaunti na za mfuko wa eneo bunge la Muhoroni zipo, ila nyingi huishia kwa wanafunzi wa sekondari na wa shahada ya kwanza. Omba, lakini usizitegemee. Wafadhili wa nje wengi wana fungu la pembeni ambalo waombaji hawalioni kwa kuwa hawafiki ukurasa wa mwisho wa maelezo. DAAD ya Ujerumani, yenye ofisi Nairobi, huwaruhusu walio kwenye ufadhili wa kusoma Ujerumani kuomba nyongeza kwa gharama zinazotokana na ulemavu au ugonjwa sugu. Wellcome ya Uingereza hugharimia marekebisho kwa anayeomba na kwa aliyepata ruzuku. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma Uingereza nao hutoa msaada wa aina hiyo. Waandikie kabla ya tarehe ya mwisho uwaulize: mahitaji yangu ni haya, niyaweke kwenye bajeti kuu au kuna fomu nyingine? Swali hilo halikupunguzii alama. Na pale ambapo hakuna fungu la pekee, ingiza gharama hizo waziwazi kwenye bajeti: mkalimani siku kadhaa, msaidizi wa pili nyanjani, gari badala ya bodaboda. Mfadhili anaikata bajeti anayoiona. Isiyoandikwa utailipa wewe mwenyewe.

Muda ni jambo jingine. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za kuugua kwa mshahara kamili, na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Kwa mwenye ugonjwa sugu, siku 7 zinaweza kuisha kwa kulazwa mara moja. Kwa hiyo soma mkataba kabla ya kutia saini, na uombe uongezewe sentensi moja: siku za kufanyia kazi nyumbani, au likizo bila malipo isiyovunja mkataba. Kabla ya kusaini, mwajiri bado anakutaka. Baadaye utakuwa unaomba hisani. Mwanafunzi naye anaweza kuahirisha masomo, lakini afanye hivyo kwa maandishi na apate jibu la maandishi, la sivyo karo huendelea kuhesabiwa huku yuko kitandani.

Ukisimama kwa ugonjwa, kumbuka vibali. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia sayansi, hutolewa kwa mwaka mmoja. Idhini ya kamati ya maadili pia ina tarehe yake. Ukirudi nyanjani mwezi wa kumi na tatu na leseni iliyokufa, data yote ya baada ya hapo inatiliwa shaka. Weka kengele kwenye simu miezi miwili kabla, au umwombe mwenzako maabarani akukumbushe ukiwa umelazwa.

Na wakikukatalia? Kwanza omba sababu kwa maandishi. Kisha panda ngazi: mkuu wa idara, mkuu wa kitivo au ofisi ya wafanyakazi, halafu Baraza. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu au hali ya afya yake, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo ina ofisi mjini Kisumu, hupokea malalamiko bila malipo. Nenda na barua pepe zako zote zimechapishwa kwa mpangilio wa tarehe. Kama umefukuzwa kazi, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hukaa Kisumu pia, na dai linalotokana na mkataba wa ajira lazima lifunguliwe ndani ya miaka 3. Usiingoje miaka hiyo ifike ukingoni; mashahidi wa mradi wa mwaka mmoja hutawanyika upesi, na seva ya mradi hufungwa pamoja na barua zilizomo. Barua muhimu zitume kwenye anwani yako binafsi tangu wiki ya kwanza ya kazi, bila kuchanganya humo data ya wahojiwa, ambayo si yako kuitoa nje.